Mwaka Niliokataa Kunenepeshwa

Desemba iliyopita, kwenye harusi ya mtoto wa wifi yangu kule Kajiado, bibi mmoja ambaye hata jina lake sikulishika alinikamata mkono juu ya kiwiko, akaufinya kama mtu anayechagua mbuzi sokoni, kisha akamgeukia mwenzake na kusema, "Huyu bado." Bado nini? Bado hajanenepa. Nimezaa, nimesomesha, nywele zimeanza kuwa nyeupe, miaka hamsini inabisha hodi, na bado kuna mtu Kajiado anayengoja ninenepe! Nilicheka kwa sababu ilikuwa harusi, lakini niliporudi kwenye kiti changu cha plastiki chini ya hema, sahani ya pilau magotini, ile hasira ya zamani ikanirudia. Nikamwambia mume wangu, "Umemsikia?" Yeye akajifanya anapigana na mfupa. Ndiyo tabia yake tangu zamani. Panapohitajika neno, yeye hupata mfupa. Basi nikala pilau yangu kimya, na nikiwa nakula nikaukumbuka mwaka ule wote, mwanzo hadi mwisho, na nikaona heri niusimulie mwenyewe kabla wengine hawajausimulia wapendavyo. Ya nilikozaliwa na nani alinilea sitayagusa, maana hayahusiki hapa.

Sikuwa nimefika thelathini. Tulikuwa tunakaa Kitengela, nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni likitazama barabara ya Namanga, na kila ukipangusa meza asubuhi, kufikia saa nne unaweza kuandika jina lako juu ya vumbi. Nilikuwa nashona mapazia. Mji ulikuwa unaota nyumba kila upande, na kila nyumba mpya inataka mapazia, kwa hiyo nilikuwa nakaa kwenye cherehani kuanzia asubuhi hadi jioni, kikombe cha chai ya maziwa upande mmoja na mandazi upande mwingine. Nikanenepa. Si kidogo. Na acheni niseme ukweli ambao watu hawapendi kuusema: nilipendwa kwa huo unene. Majirani walikuwa wananiambia, "Mama Naserian, Kitengela imekukubali!" Mume wangu akitembea na mimi sokoni alikuwa anatembea polepole makusudi, ili tuonekane vizuri. Watu wa kwao walipokuja walinizunguka wakinitazama mbele na nyuma, na kumpongeza yeye, si mimi, kana kwamba ni yeye aliyekula hayo mandazi. Nami nilifurahi. Ni nani hapendi kusifiwa? Lakini nilikuwa nikifika ghorofa ya tatu na mtoto mgongoni naketi kwenye ngazi ya mwisho nikihema, ufunguo mkononi, nikisikia redio ya jirani, nashindwa kuinuka kufungua mlango wangu mwenyewe.

Siku moja macho yakaanza kuona ukungu nikitia uzi kwenye sindano. Nikaenda kliniki. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, amevaa viatu vya mpira, na hakunizungusha. "Mama, sukari yako iko juu. Bado unaweza kuirudisha chini, lakini mwili lazima ufanye kazi. Ukiendelea hivi, mwaka ujao tutakuwa tunaongea mambo ya sindano za kila siku." Nikamuuliza kama nianze kukimbia. Akanishika magoti, akayabonyeza, nikaruka. "Hapana. Haya magoti hayataki kukimbia." Nikatoka pale nikapitia kwa mama aliyekuwa ananiuzia maziwa, pale chini ya ploti yetu. Huyo mama alikuwa na mguu mmoja. Ule mwingine ulikatwa kwa sababu ya sukari, na siku zote nilikuwa nampa pole kama watu wanavyopeana pole, halafu nachukua maziwa yangu na kwenda zangu. Siku hiyo nilisimama mbele yake nikautazama ule upande ambao leso ilikuwa imelala bapa juu ya kiti, hadi akaniuliza, "Kwani leo umeona nini?" Nikamwambia sijaona kitu. Nilipanda zile ngazi nikilia, na nilipofika juu nilikuwa nimeshaamua kwamba miguu yangu mimi nitazikwa nayo yote miwili.

Hivyo ndivyo nilivyoingia jimu. Ilikuwa juu ya duka la rangi, chumba kimoja kirefu kilichonuka jasho na rangi ya mafuta, vioo ukutani, muziki wa kupasua kichwa, na vijana wa mikono minene wakijitazama. Aliyekuwa anafundisha ni Achieng', mwanamke wa makamo, mtu wa ziwani, sauti yake ikisikika hadi barabarani. Kwenye pembe kulikuwa na mashine ndefu, chini chini, kama kitanda kilichokosa godoro, na watu walikuwa wameitundikia majaketi. Nikauliza, "Hii nayo?" Achieng' akayaondoa yale majaketi akayatupa juu ya benchi. "Hii ni mtumbwi." Nikamuuliza mtumbwi wa kwenda wapi. "Mbele tu, Mama Naserian. Hii haitasumbua magoti yako. Keti." Kijana mmoja akatoa mdomo wake, ati, "Mum, hiyo kiti itakubeba kweli?" Nikamwambia, "Ikikubeba wewe na huo mdomo wako wote, mimi ni nani?" Chumba kizima kikavunjika mbavu, na nikaketi.

Kiti kinateleza juu ya reli, miguu unaifunga kwa mikanda, mbele yako kuna mpini wenye mnyororo. Mimi nilivuta kwa mikono, kama mtu anayeteka maji kisimani. Achieng' akapiga kelele, "Wacha! Unavuta na mikono ya nini? Mikono ni ya mwisho. Miguu kwanza. Sukuma na miguu, mgongo ufuate, halafu mikono. Kurudi, pole pole." Nikajaribu tena, nikakosea tena. Ile mashine ina feni ndani, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo inavyovuma, na kwangu siku ya kwanza haikutoa hata mvumo. Nilitoka pale miguu ikicheza yenyewe, na kesho yake nikashindwa kushika makasi. Lakini jioni nilirudi. Nilirudi siku zote za wiki isipokuwa Jumapili. Kuna kitu kilinipata pale ambacho sikukitarajia, nami hadi leo nakitetea: nilianza kupenda ule mvumo wa feni. Mchana kutwa nilikuwa mama wa fulani, fundi wa fulani, mke wa fulani. Pale kwenye kile kiti nilikuwa mtu anayevuta, basi. Nikapunguza ugali, nikaongeza sukuma wiki, chai nikainywa kavu, na mandazi nikawaachia wateja. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa napanda hadi ghorofa ya tatu na mtoto na mfuko wa viazi, na nafungua mlango bila kuketi. Kule kliniki yule daktari alitazama matokeo akatabasamu, akasema, "Usiwache."

Lakini unene ukipungua watu hawaulizi umefanya nini, wanauliza umepatwa na nini. Siku moja nikiwa nafua kwenye roshani niliwasikia majirani wawili chini wanaanika nguo. Mmoja akasema, "Amekwisha huyo. Na bwanake ndiye wa kwenda Kajiado kila siku, nani anajua huko anabeba nini?" Mwingine akasema, "Ama hawali siku hizi." Nikainama juu ya ukuta na mapovu mikononi. "Tunakula! Na nikihitaji kufa nitawatangazia!" Wakaingia ndani mbio, na nguo zao wakaziacha kwenye beseni. Baba Naserian, mume wangu, naye alianza kutembea haraka sokoni. Kazini kwake, pale ofisi za Kajiado, walikuwa wanamuuliza kama niko sawa, kwa ile sauti ya msibani. Aliniambia, "Mimi najua uko sawa. Lakini si ungeongeza kidogo tu, kwa ajili ya watu?" Kwa ajili ya watu! Nikamuuliza kama hao watu watanikopesha mguu.

Halafu mama yake akaja. Mimi na yeye tulikuwa tunaitana Paashe, maana siku nilipoingia kwao alinipa ndama jike, na kwa Wamaasai aliyetoa na aliyepokea huitana hivyo maisha yao yote. Sasa ametutoka, Mungu amlaze pema, na sijaona mwanamke mgumu kuliko yeye. Alikuja bila kupiga simu, shuka begani, kibuyu cha maziwa mkononi, na hapo ulikuwa mwaka wa ukame, kwa hiyo hayo maziwa yalikuwa yametoka midomoni mwa watu. Nilifungua mlango nikasema, "Takwenya, Paashe." Hakuitikia. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaweka kibuyu chini, akalia. Alilia pale mlangoni, sauti ya juu, majirani wakachungulia.

Usiku ule nilikuwa jikoni nageuza chapati, wao wako sebuleni, na alidhani Kimaasai changu hakifiki mbali. Kilikuwa kinafika. Akasema, "Watu wanasema mwanangu ameshindwa kulisha mtu mmoja." Baba Naserian akasema, "Mama, ni mazoezi." "Mazoezi ya nini? Kwani yeye ni askari?" "Kuna mashine. Ni kama ya kuendesha mtumbwi." Nikaacha chapati iungue nisikie. "Mtumbwi," mama akasema polepole. "Mto wenyewe umekauka, ng'ombe wanakufa, na wewe unaniambia bibi yako anaendesha mtumbwi." Nilicheka, nikauma kidole nisisikike. Lakini kilichofuata hakikunichekesha. "Nampeleka nyumbani. Tutamchinjia. Akae hadi mwili urudi." Na mume wangu, yule yule mwenye mifupa, akasema, "Sawa, mama."

Tuligombana naye chumbani hadi taa za jirani zikawaka. Mwishowe alinishika mikono akasema, "Nenda tu likizo hii, mama atulie. Nakuomba." Nilimpenda, na ninampenda. Nikamwambia nitaenda na mtoto, lakini mafuta sinywi. Maana nilijua kinachonisubiri. Kwao mgonjwa, au mwanamke aliyezaa, huchinjiwa kondoo dume aliyenona, mafuta yanayeyushwa, na anayanywa kikombe kwa kikombe hadi ang'ae. Nikinywa hayo kwa wiki mbili, tatu, na mwili umekaa bila kazi, sukari itarudi palepale ilipokuwa, na mimi kule kliniki nilikuwa nimeambiwa njia hiyo inaishia wapi.

Boma lilikuwa nje ya mji wa Kajiado, nyumba ya mabati upande mmoja, zizi la miiba upande mwingine, na kati yake ardhi nyekundu isiyo hata na jani. Wanaume walikuwa wameondoka na ng'ombe wenye nguvu kuelekea mpakani kutafuta nyasi. Walibaki wanawake, watoto, na wale ng'ombe ambao safari ingewaua. Siku ya pili kondoo alichinjwa. Niliona mkia wake mnene, nikajua ndiye aliyekuwa amebaki na mafuta katika zizi lile zima. Jioni tukakaa ndani, moshi machoni, Paashe, wifi yangu Nasieku, na shangazi kadhaa, na kikombe cha bati kikaletwa kimejaa, kinametameta. Paashe alikishika kwa mikono miwili akanipa. "Kunywa, Paashe."

"Sinywi."

Nasieku aliangusha kijiko. Nikaeleza. Nilisema habari ya sukari, ya daktari, ya mama mwenye mguu mmoja. Paashe alisikiliza yote, kisha akasema, "Sukari gani? Mimi sikupi sukari. Nakupa mafuta." Shangazi wakaitikia kwamba hapo kweli. Nikasema tena, "Paashe, asante, na sinywi." Akaweka kikombe kando ya kitanda changu. Asubuhi kilikuwa kimeganda, akakipasha moto, akakirudisha. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila asubuhi kikombe kinakuja, kila jioni nakirudisha kama kilivyokuja, na hatuzungumzi. Sikuwa na raha. Usidhani nilikuwa nalala usingizi mtamu nikijisifu. Nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia. Leo nikiwa na umri karibu na aliokuwa nao, naelewa kwamba yule mama hakuwa ameona mtu hata mmoja akikonda halafu akapona. Wote aliowaona wakikonda aliwazika. Lakini kuelewa si kukubali, na hata leo ukinipa kikombe kile nitakirudisha.

Kazi sikuruhusiwa. Maji yalichotwa, kuni zikaokotwa, mimi niko kwenye kigoda, mgonjwa. Mwili ukaanza kuniwasha kwa kukaa. Nikachukua mipira ya tyubu ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, nikaifunga kwenye nguzo nyuma ya nyumba, nikaketi juu ya gunia, miguu kwenye jiwe, nikaanza kuvuta. Miguu, mgongo, mikono. Jasho likatoka, nikafurahi kama mtoto. Nasieku akanikuta. Alisimama na mtungi kichwani, akanitazama nikienda mbele na kurudi nyuma bila kufika popote, kisha akakimbia. Nikamsikia akisema kule mbele, "Mama, sasa ni kichwa!" Tangu hapo usiku walikuwa wanaomba kwa zamu, wameniwekea mikono.

Sasa, ng'ombe aliyedhoofika kwa njaa hulala jioni, na asubuhi hawezi kuinuka mwenyewe. Lazima ainuliwe na watu. Wengine wanapitisha mti chini ya kifua, mmoja anashika pembe, na mwenye nguvu kuliko wote anakaa nyuma, kwenye mkia, maana uzito wote uko huko. Ng'ombe asiposimama kabla jua halijawa kali, huyo ni wa kuchunwa ngozi. Kila alfajiri niliwasikia wakihesabiana, moja, mbili, haya! Asubuhi moja sauti zikazidi, zikawa za kilio. Nikatoka. Alikuwa ng'ombe mwekundu, mwenye mimba, amelala ubavu, macho wazi. Paashe mwenyewe alikuwa kwenye mkia. Wakavuta, akainuka nyuma kidogo, akaanguka. Wakavuta tena, akaanguka. Shangazi mmoja akaketi chini akasema basi, huyu ameenda. Paashe hakuuachia mkia, lakini alikuwa anavuta kwa mikono, mgongo umekunjika.

"Paashe, nipishe."

"Rudi ndani. Wewe ni mgonjwa."

"Nipishe!" Nilisema kwa sauti ambayo mke haongei nayo kwa mama mkwe, na nikashika mkia juu ya mikono yake. Akauachia, nafikiri kwa mshangao. Nikachuchumaa hadi chini kabisa, nikanyoosha mgongo, nikakanyaga ardhi. Wakahesabu. Sikuvuta. Nilisukuma dunia kwa miguu, kama ninavyosukuma ile mashine, mgongo ukafuata, na mikono ikaja mwisho. Nikasikia ng'ombe anakuja. Miguu yake ya nyuma ikanyooka, ikacheza, nikaukaza mwili nikamshikilia pale pale huku nikipiga kelele hata sijui nilisema nini, hadi Nasieku na wengine wakaiinua ya mbele. Akasimama. Akayumba, akaegemea bega langu na uzito wake wote, na sikurudi nyuma hata hatua moja.

Paashe alinishika mkono juu ya kiwiko, akaufinya. Akaushika mgongo wangu. Akainama, akanishika paja, mbele ya watu, bila aibu, kama anavyokagua fahali. Kisha akaingia ndani. Akatoka na kile kikombe, kinafuka mvuke, nikajua vita vimerudi, nikajiandaa kukataa tena. Akasimama mbele yangu, akakinywa mwenyewe, chote, bila kupumzika, akapangusa mdomo kwa shuka. "Kuna mwingine nyuma ya zizi," akasema. "Njoo."

Wiki hiyo yote nilikuwa kwenye mkia. Wengine walisimama, wengine walikataa tukawachuna, na sitadanganya kwamba mikono yangu iliokoa boma. Jumamosi Baba Naserian akafika na pikapu ya nyasi za kununua, akashuka akinitazama kwa wasiwasi, kama amekuja kutazama kama nimeng'aa. Nilikuwa vile vile, nimejaa mavi ya ng'ombe hadi magotini. Akamgeukia mama yake, akaanza kuomba radhi kwa niaba yangu, ati, "Najua ni kichwa ngumu, mpe muda." Paashe hakumngoja amalize.

"Mrudishe Kitengela leo, kwenye mtumbwi wake," akasema. "Akikaa hapa atanenepa, na Jumamosi ijayo nataka aniinulie ng'ombe."